Mahali Ishirini na Mbili

Karatu
3 Februari 2025

Dada Antonia,

Kabla hujasoma mstari wa pili nakuomba ufunge mlango. Ukimaliza barua hii usimwonyeshe mtu, hata Patrisi mdogo wako aliyekuletea. Usiipige picha. Usiniulize chochote kwa simu. Kila neno lililomo humu libaki kwako peke yako. Najua sina haki ya kukuomba siri, lakini nakuomba.

Shikamoo dada. Habari za Mbulu, za mama na za wanafunzi wako? Natumaini mgongo wa mama umepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Bado niko ofisi ya kata, nagonga mihuri na kupanga majalada. Vumbi la Karatu ni lile lile, na upepo wa mchana ukiingia dirishani tunakimbizana na makaratasi hadi barazani.

Utashangaa kupata barua yangu baada ya miaka miwili. Mara ya mwisho uliniomba jambo dogo: niandike kwamba niliisoma hadithi yako tukiwa bwenini, kabla haijatoka gazetini kwa jina la mtu mwingine. Niliisoma, dada. Niliisoma mara tatu. Nikakujibu kwamba sikumbuki. Nilikuwa nasubiri barua ya ajira, nikaogopa jina langu lisionekane kwenye malalamiko. Sijapata maneno ya kuliombea radhi jambo hilo, na ninaona aibu kwamba ninakutafuta siku nina shida yangu.

Ni shida ya aina ile ile. Wewe ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyewahi kugombana na wachapishaji akabaki amesimama.

Mwaka jana niliandika kitabu kidogo kwa ajili ya kampuni ya Engare Vitabu ya Arusha. Wana mfululizo wa masimulizi ya kweli kwa watoto wa darasa la tano. Niliandika habari za kaka yangu, mwaka ule wa ukame alipopandisha ng'ombe wetu msituni upande wa Oldeani, mbogo akamuua. Utakumbuka siku niliyoitwa nyumbani nikiwa kidato cha pili. Katika mswada wangu nilimwita "kaka" tangu mwanzo hadi mwisho. Mhariri wao, Bwana Modest, akanipigia simu. Akasema mtoto wa darasa la tano hawezi kumpenda mtu asiye na jina.

"Kwani huyu kaka hakuwa na jina?"

Nikasema alikuwa nalo.

"Basi tupe."

Nikampa.

Wewe ni Mwiraqw, labda hujui. Kwetu sisi kijana akifa hajaoa na hana mtoto, jina lake halitajwi tena nyumbani. Baba alipofariki jina lake lilibaki, kwa sababu alikuwa mzee na ameacha watoto wa kuitwa kwalo. La kaka lilizikwa naye. Huu ni mwaka wa tisa, sijamsikia mama akilitamka, wala mimi sijalitamka mbele yake. Hata humu sitaliandika. Sasa liko kitabuni mahali ishirini na mbili. Kitabu kitapelekwa shule za huku kwetu, ya Endulen ikiwemo, na boma letu liko chini tu ya shule. Darasa la tano husoma kwa sauti, wote pamoja, madirisha wazi. Mama atakuwa anakamua, na atasikia watoto arobaini wanamwita mwanawe.

Hakuna mtu wa nyumbani aliyeulizwa.

Nakala ya mwisho ya kusahihishwa, ambayo wao wanaiita prufu, ilinifikia tarehe 20 Januari. Kifungu cha sita cha mkataba kinasema nisipopinga kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne nitahesabiwa nimekubali. Leo ni siku ya kumi na nne. Tangu asubuhi nimeshika simu nimeshindwa kumpigia Bwana Modest. Alinisifu sana, dada. Hakuna mtu aliyewahi kunisifu hivyo.

Utauliza kwa nini nimeandika kwa mkono. Kifungu cha kumi na nne kinanikataza kufichua yaliyomo katika mkataba "kwa simu, ujumbe mfupi, barua pepe au mtandao wa kijamii." Nimekisoma mara nyingi. Barua ya mkono haikutajwa.

Jibu mpe Patrisi anapoleta vitunguu saumu sokoni. Aniite nje, asiingie ofisini.

Mdogo wako,
Nailantei

*

Mbulu
12 Februari 2025

Mdogo wangu Nailantei,

Marahaba. Sisi wazima. Mgongo wa mama siku hizi unatabiri mvua kuliko redio, majirani wanakuja kuuliza kama wapande mahindi.

Barua yako ilikaa siku sita chini ya kiti cha lori, imelaliwa na gunia la vitunguu saumu. Nimeisoma huku machozi yananitoka, na si kwa huruma. Umeelewa ulichofanya? Siku ya kumi na nne ulikuwa na simu mkononi. Maneno mawili kwa Modest yangetosha: "Napinga, nitaeleza." Wewe ukatafuta kalamu na bahasha ili usivunje kifungu cha kumi na nne, na kifungu cha sita kikakupita hivi hivi. Hakuna mkataba unaoweza kumzuia mtu kuomba ushauri. Hata mwizi anaruhusiwa wakili.

Na hivi, si wewe unayemrudisha bibi kizee kutoka dirishani kwa sababu ukurasa wake wa pili hauna sahihi? Huu mkataba wako uliusoma lini?

La miaka miwili iliyopita sitakudanganya kwamba limekwisha. Aliyeniibia hadithi hakuniumiza kama wewe. Yeye hakuwahi kulala kitanda cha juu yangu.

Haya. Mimi si wakili. Ninayoyajua nimeyajua kwa kuumia, na kwa kukaa kwenye benchi la wakili mmoja pale Arusha anayesikiliza watu bure kila Alhamisi. Alinifundisha jambo moja: lete karatasi zote. Hazitoshi zile unazoona zinakusaidia. Nakala ya mkataba, kila ukurasa, hata ule wa nyuma usio na kitu. Prufu. Barua zote za Modest. Na kama kuna karatasi nyingine yoyote yenye sahihi yako, hata risiti, ilete. Ukweli unaokuaibisha nataka niusikie kutoka kwako, kwa sababu wenzako upande wa pili wanao tayari kwenye faili.

Leo hii, kabla hujalala, mwandikie Modest kwamba unapinga jina kutumika. Umechelewa, lakini andika. Tumia simu, Nailantei. Simu.

Dada yako,
Antonia

*

Karatu
15 Februari 2025

Dada Antonia,

Shikamoo. Nashukuru umejibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kimya.

Nimemtumia Bwana Modest ujumbe kama ulivyosema. Nilimaliza saa nzima kuuandika na ulikuwa na mistari miwili. Akapiga papo hapo. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Mwandishi wangu," akasema, "kila mwandishi anaogopa kitabu kinapokaribia kutoka. Ni kama harusi. Kunywa maji." Nikasema ni mila za kwetu. Akasema, "Lakini hilo tulilizungumza, au sivyo?" Akasema mtambo umepangiwa mwezi wa nne, vitabu viwe shuleni Julai.

Nimekuwekea mkataba, kurasa saba, pamoja na prufu. Nilitoa nakala ofisini kwa karatasi zangu mwenyewe. Mtendaji wetu, Mzee Valeriani, alisimama nyuma yangu akauliza, "Karani, hiyo ni kazi ya serikali?" Nikasema ni ya familia. Akasema familia yangu ina makaratasi mengi.

Umeuliza niliusoma lini. Niliusoma baada ya kusaini. Ulikuja na barua yenye kichwa cha kampuni, imeandikwa "Mpendwa Mwandishi," na hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nilisaini nikiwa nimesimama.

Hakuna karatasi nyingine.

Mdogo wako,
Nailantei

*

Arusha
20 Februari 2025

Nailantei,

Sina salamu leo.

Asubuhi nilikaa kwa wakili. Akasoma mkataba wako, akasema mlango uko kifungu cha tisa: mwandishi anathibitisha kwamba kila aliyetajwa kwa jina, au familia yake, ameridhia. Kama mama hakuulizwa, basi hakuna ridhaa, na hakuna mchapishaji mwenye akili atakayechapa. Nikatoka pale nikitembea kama nimeshinda.

Mchana nikaenda Engare Vitabu. Modest alinipokea vizuri. Ni mtu mpole, ana kikohozi, na habari za ugomvi wangu na gazeti alikuwa amezisikia.

"Dada Antonia! Bado unapenda ugomvi?"

"Leo nimekuja na haki," nikamwambia. Nikamweleza mila yenu, shule iliyo juu ya boma, mama anayekamua. Alisikiliza hadi mwisho. Nikamalizia kwa sauti ambayo sasa nikiikumbuka naona aibu: "Na hakuna mtu wa familia hiyo aliyewahi kuulizwa."

Hakubishana. Akafungua faili, akageuza karatasi moja ili niisome vizuri, akaisogeza mbele yangu.

Fomu ya ridhaa ya familia. Seenoi, mama mzazi. Dole gumba. Shahidi: Nailantei Simel, Karani. Muhuri wa kata.

"Nilidhani unaijua," akasema. Alionekana ananionea huruma. Nimekuwa nikikaa kwenye benchi la wakili miaka miwili nikitafuta watu waniamini, na leo nimeketi mbele ya mhariri nikionekana mwongo, kwa ajili yako, kwa mara ya pili.

Nilikuuliza waziwazi. Ukaniandikia maneno matatu.

Huu muhuri ni wa kata ya Karatu. Mama yako anaishi Endulen, wilaya nyingine. Ulifikaje huko muhuri huu?

Antonia

*

Karatu
26 Februari 2025

Dada Antonia,

Shikamoo, kama utaipokea.

Ni kweli. Dole ni la mama, na muhuri niliupiga mimi.

Fomu ilikuja Oktoba. Nikaenda nayo nyumbani Jumamosi, na pedi ya wino, na muhuri kwenye mkoba. Ninaapa kwamba njia nzima, kutoka geti la hifadhi hadi Endulen, nilikuwa na nia ya kumweleza. Nilimkuta anatunga shanga mlangoni. Alifurahi, akaniletea maziwa. Nikasema, "Yeyo, kuna karatasi," kwa kuwa kwetu mama tunamwita hivyo. Akauliza, "Ya nini?" Nilipofungua mdomo nikaona kwamba ili nimwombe ruhusa ya jina ni lazima nilitaje, au nizunguke mpaka alitambue. Nikasema, "Ya bima. Ukienda hospitali usilipe."

Akacheka, akasema mtoto aliyesoma ana faida. Akanipa mkono mzima, vidole vyote vimenyooka, ili nichague mwenyewe kidole. Nikachukua dole gumba la kushoto, kama tunavyofanya ofisini. Nikamfuta wino kwa kitenge changu. Akauliza, "Imekubali?" Nikasema imekubali.

Tangu siku ile kila nikipiga simu ananiuliza kama kadi imefika. Nasema bado.

Kuna jingine, nalo ni baya kuliko muhuri. Bwana Modest hakunilazimisha. Alisema naweza kutunga jina lingine, wao wataweka maelezo ukurasa wa mwanzo. Ni mimi niliyejibu kwamba la kweli ni bora. Nilitaka kuliona. Mwaka juzi niligundua kwamba siikumbuki tena sauti ya kaka, namna alivyokuwa akiita ng'ombe. Nikaogopa kwamba jina nalo litanitoka, na hakuna mtu duniani nitakayeweza kumwuliza. Prufu ilipofika nilitafuta ukurasa wa kwanza wenye jina, nikakaa nalo. Nilifurahi, dada. Furaha ile ilidumu siku nne hivi. Siku ya tano nikasikia watoto wa shule ya jirani wanasoma kwa sauti, ndipo nikaelewa nilichokifanya.

Sikukwambia kuhusu fomu kwa sababu nilidhani ungeweza kushinda bila kuijua. Nilifikiri hivyo kweli.

Ukiamua kuniacha hapa, nitaelewa. Usipojibu nitajua.

Nailantei

*

Mbulu
14 Machi 2025

Mdogo wangu,

Nilikusudia nisijibu. Barua yako ilikaa rafuni wiki mbili. Mama akauliza, "Hiyo barua inasubiri nini, kuota?" Nikamsomea. Samahani, uliniomba siri, lakini barua ile haikuwa na maneno hayo mwanzoni, na wewe ni mtu wa vifungu.

Mama alisikiliza mpaka pale pa mkono mzima na vidole vimenyooka. Akaondoka akaenda kukusanya kuni ambazo hatukuzihitaji. Aliporudi akasema, "Msaidie huyo mtoto, kisha umgombeze." Nitaanza na la kwanza.

Nimerudi kwa wakili. Anasema dole lililopatikana kwa uongo si ridhaa, na muhuri wa kata isiyo yake hauna nguvu yoyote pale. Lakini hayo hayawezi kusemwa na mimi, wala na wewe. Ni mama yako tu anayeweza kusema, "Mimi sikukubali." Nimemwambia Modest ukweli wote. Alikohoa muda mrefu, kisha akasema kama mama mwenyewe ataandika kwamba hataki, atalitoa jina na hatakudai chochote. Anataka barua mkononi kabla ya tarehe 4 Aprili, siku wanayopeleka kazi mtamboni. Baada ya hapo hata yeye hataweza kuzuia. Alisema pia kwamba ana haki ya kuvunja mkataba wako, na bado hajaamua. Hapo usitegemee nikutetee sana.

Muhuri umwambie Mzee Valeriani wewe mwenyewe, kabla hajausikia kwa mtu. Wakili amesisitiza hilo kuliko mengine yote.

Barua ya mama nimekuandalia. Wakili alisema jina linalopingwa lazima litambulike bila shaka. Nikamwambia mama huyu hawezi kuweka dole kwenye karatasi yenye jina hilo. Tukakubaliana kutumia kurasa na mistari: ukurasa wa 3, mstari wa 7, neno la nne, ukurasa wa 5, mstari wa 2, neno la kwanza, hivyo hivyo hadi mwisho. Nimehesabu mara mbili kwenye prufu, ni ishirini na mbili kama ulivyosema. Kila nilipolifikia nililifunika kwa rula. Mimi si wa kwenu, sijui kwa nini nilifanya hivyo.

Sasa nenda nyumbani. Mweleze kila kitu. Na hiyo barua yake niliyoiandaa asomewe yote, neno kwa neno, kabla hajagusa wino.

Dada yako,
Antonia

*

Endulen
30 Machi 2025

Dada Antonia,

Shikamoo. Tuko salama. Mvua ni nyingi, lori tulilopanda lilikwama mara mbili na tukashuka kusukuma kwenye ukungu. Yeyo anakusalimu wewe na mama yako. Hizi ni salamu zake mwenyewe, nimeziandika kama alivyozisema: "Mwambie yule aliyefunika kwa rula, nimesikia."

Nilianza na Mzee Valeriani. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema yote bila kuketi. Akavua miwani.

"Karani, muhuri uliupigia wapi?"

"Endulen, mzee."

"Ulisafiri na muhuri wa serikali?"

"Kwenye mkoba, mzee."

"Pamoja na nini?"

"Sukari na majani ya chai."

Nilidhani atacheka. Alifungua kabati, akauweka muhuri ndani, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Akaniambia niandike maelezo nakala tatu, nikae nje ya kazi mpaka nitakapoitwa. Kwa mazoea nikamwuliza kama anataka ya nne kwa ajili ya jalada. Akaniangalia mpaka nikatoka.

Nyumbani nilifika Yeyo amekaa na shanga zake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakapotea. Nikasema, "Yeyo, ile karatasi haikuwa ya bima."

"Ilikuwa ya nini?"

"Ya yule aliyekwenda na ng'ombe msituni."

Mkono wake ukasimama kwenye uzi. "Amefanywa nini?"

"Nimemwandika."

"Kwa jina?"

"Kwa jina."

"Mara ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Akaweka shanga chini, akafunika bakuli zisimwagike. "Nionyeshe lilipo."

Nilifungua prufu ukurasa wa tatu, nikaweka kidole chini ya neno. Yeyo hajui kusoma hata herufi moja. Aliinama akaliangalia kama mtu anayeangalia alama kwenye ng'ombe asiyemjua, ajue ni wa nani. Kisha akalifunika kwa kiganja, na kiganja kikakaa pale. Nilisikia mlio wa kengele za mbuzi wakiingia, wote, hadi wa mwisho. Ndipo akauliza, "Ni fupi hivi?"

Nikasema, "Ndiyo, Yeyo. Ni fupi hivyo."

Baada ya hapo hakusema nami siku tatu. Alinipa chakula, alinipa ngozi ya kulalia, akanitengea maziwa. Neno hakunipa. Watu walimwuliza kwa nini nimerudi, akawaambia waniulize mimi. Nilikuwa nawaambia ni likizo, mpaka siku ya pili nikachoka, nikaanza kuwaambia ukweli. Wazee wawili waliondoka bila kunijibu.

Siku ya nne alfajiri alimwita Nanyokie. Ni binti wa boma la jirani, muuguzi pale hospitalini, nilicheza naye utotoni. Alikuja na sare yake, anaelekea kazini. Nikatoa barua uliyoiandaa, nikaikunjua, nikaanza, "Mimi, Seenoi, mkazi wa Endulen..."

Yeyo akainua mkono. "Si wewe."

Nanyokie aliona haya kwa niaba yangu. Akasema, "Yeyo, lakini huyu amesoma kunizidi."

"Najua amesoma," Yeyo akasema. "Soma wewe."

Akasoma, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kimaa, lugha yetu. Alipofika kwenye kurasa na mistari akaniangalia, nikamwambia asiruke. Akasoma zote ishirini na mbili. Nilisimama pembeni nikiwa nimeshika pedi ya wino na sina kazi nyingine.

"Imekwisha?" Yeyo akamwuliza.

"Imekwisha, Yeyo."

"Nyuma hakuna kitu?"

Nanyokie akaigeuza akamwonyesha nyuma, peupe. Akaiinua tena kwenye mwanga, bila kuombwa, wakaitazama wote wawili. Ndipo Yeyo akatoa mkono. Safari hii hakunyoosha vidole vyote. Alitoa dole gumba, vingine amevikunja, na alimpa Nanyokie. Mimi nilisogeza pedi.

Baadaye, Nanyokie ameshaondoka, alizungumza nami kwa mara ya kwanza, huku anaendelea na kazi. Alisema kama watu wa Arusha wanataka kuwasimulia watoto habari za kijana aliyepeleka ng'ombe msituni, wawasimulie. "Wale ng'ombe walirudi," akasema. "Hilo wasilisahau kuandika." Halikuwemo kitabuni, dada. Niliishia pale kaka alipofia. Walirudi wenyewe, siku ya pili yake, na Yeyo ndiye aliyewafungulia. Mwambie Bwana Modest kama bado nina mkataba naomba mistari mitatu mwishoni. Kama sina, basi.

Barua yenye dole iko ndani ya bahasha hii. Nakuomba umkabidhi Bwana Modest mkononi kabla ya tarehe nne, asaini kwamba ameipokea, na nakala ibaki kwako.

Ukitaka kunijibu, ofisini usinitafute, na chumba cha Karatu nimekirudisha kwa mwenyewe. Simu usipige, kila nikisogea pembeni kuongea Yeyo ananitazama. Patrisi amtafute Isaya, dereva wa lori la mahindi. Hupakia nyuma ya soko la Karatu, na huja huku Jumatano na Jumamosi kama njia inapitika. Isaya aiache barua getini hospitalini, kwa Nanyokie. Juu ya bahasha andika jina la Yeyo, usiandike langu. Usiigundishe. Nanyokie atamsomea yeye kwanza, kwa Kimaa, na wakishamaliza nitapewa. Kwa hiyo anza na salamu zake, tumia maneno mepesi, na ukifika mahali pa kumtaja kaka, sema tu yule aliyekwenda na ng'ombe.

Mdogo wako,
Nailantei